Maswali na majibu: Je, mfumo wa SACCOS yetu uundwe bila kuandika msimbo?

Swali

Mimi ni mhasibu wa SACCOS yenye wanachama 240 mkoani Iringa. Tunatunza hesabu kwa daftari na Excel. Kijana mmoja aliyehitimu mafunzo ya siku tatu ametuahidi mfumo kamili ndani ya wiki mbili, kwa kutumia jukwaa ambalo mtu huburuta vipande na kuviunganisha bila kuandika msimbo, yaani maagizo ya kompyuta kwa lugha ya programu. Kampuni ya watengenezaji wa programu imetaka miezi mitano, na gharama yake ni mara tisa ya ile ya kijana. Bodi inauliza kwa nini tulipie msimbo ilhali siku hizi msimbo hauhitajiki. Tumchague nani?

Jibu

Ndugu mhasibu, sentensi hiyo ya bodi yako, kwamba siku hizi msimbo hauhitajiki, hunifikia karibu kila wiki kutoka kwa vyama, shule na zahanati. Ndiyo nitakayoijibu kwa urefu, kwa sababu uamuzi uliojengwa juu yake utakuwa mbovu hata mkimpata fundi mwaminifu.

Kwanza niseme ninavyokiona chama chenu. Majukwaa haya yanafaa kabisa kwa orodha ya wanachama, fomu za maombi ya mkopo, kumbukumbu za wadhamini na mahudhurio ya mikutano, na sioni sababu ya kuilipa kampuni miezi mitano kwa kazi hiyo. Leja ya akiba, hisa na mikopo ni jambo jingine. Hiyo isiundwe upya na kijana wala na kampuni kabla hamjaangalia mifumo iliyokwisha kuundwa kwa ajili ya taasisi ndogo za fedha. Upo, kwa mfano, Apache Fineract, uliotokana na mradi wa Mifos. Msimbo wake uko wazi kwa yeyote, na tayari unajua riba, ratiba ya marejesho, debiti na krediti. Mtahitaji mtaalamu wa kuusimika na kuutunza, lakini mtamlipa kwa kurekebisha kitu kilichojaribiwa kwa miaka mingi, badala ya kumlipa abuni upya hesabu ya riba huku fedha za wanachama zikiwa uwanja wake wa majaribio.

Sasa nirudi kwenye sentensi ya bodi. Kuandika msimbo hakujawahi kuwa sehemu ngumu kuliko zote katika kazi yetu. Kazi ngumu ni kuamua mfumo ufanye nini pale mambo yanapokwenda kombo, na kuamua bila kuacha mwanya. Chukua mwanachama ambaye rejesho lake la mwezi ni shilingi 95,000, amechelewa, faini imeanza kuhesabiwa, kisha analeta 60,000. Fedha hiyo ilipe faini kwanza, au riba, au msingi wa deni? Kama tarehe yake ya kulipa ni 31, Februari atahesabiwa amechelewa lini? Kamati ya mikopo ikimsamehe faini, nani anaruhusiwa kuifuta kwenye mfumo, na mkaguzi wa COASCO, shirika linalokagua vyama vya ushirika, atauona wapi ufutaji huo, wenye jina la aliyefuta na saa aliyofuta? Yumkini masharti ya chama chenu hayajibu maswali haya yote, na hadi leo pengo hilo umelijaza wewe kwa busara yako, mkopo mmoja baada ya mwingine. Mashine haina busara ya kujazia. Ni lazima mtu akae na wewe, na pengine na bodi nzima, mpaka kila tawi la kila jibu liwe limeandikwa.

Mtu huyo akilieleza jibu hilo kwa lugha ya programu kama Java au Python, au akalieleza kwa visanduku na mishale, amefanya kazi ileile. Anayeburuta kisanduku cha sharti na kukiunganisha na kitendo ameandika programu. Hatari ya majukwaa haya ni kwamba yanamwezesha kuiandika bila kutambua kuwa ameiandika, kwa hiyo haijaribu, haikagui, wala hamwonyeshi mtu wa pili. Ahadi yenyewe si ngeni. Lugha ya COBOL, iliyoanza kubuniwa mwaka 1959, ilikusudiwa isomeke na watu wa biashara. VisiCalc ya mwaka 1979 ilimpa mhasibu lahajedwali la kompyuta, na Microsoft Access ya mwaka 1992 ilimpa hifadhidata yenye fomu za kubofya. Vyombo hivyo vyote vilisaidia sana, na hakuna hata kimoja kilichomwondolea mtu wajibu wa kufikiri kuhusu faini ya Februari.

Malipo ya simu yanalionyesha jambo hili wazi zaidi. Mwanachama akishaingiza namba ya siri, taarifa ya muamala huja kwenye mfumo wenu baadaye, na mtandao ukiyumba inaweza kuchelewa au kuja mara mbili. Mfumo ambao haukuelekezwa kulinganisha namba ya muamala na zile zilizokwisha kupokelewa utamwandikia mwanachama rejesho mara mbili bila kutoa onyo lolote. Siku ya maonyesho mbele ya bodi kosa hilo halionekani, kwa sababu siku hiyo analipa mtu mmoja, mara moja, mtandao ukiwa mzuri. Huonekana mwisho wa mwaka, leja inapokataa kulingana na salio la benki. Ninaowalaumu hapa ni wale wanaouza mafunzo ya siku tatu na kumwambia kijana mwenye bidii kwamba sasa anaweza kuunda mfumo wa fedha za watu. Kijana wenu huenda ana kipaji kikubwa, ila amedanganywa kuhusu ukubwa wa kazi aliyoikubali.

Usalama nao haujisimiki wenyewe. Mwaka 2021 iligundulika kwamba takriban rekodi milioni 38 zilizokusanywa kupitia tovuti zilizoundwa kwa Microsoft Power Apps, jukwaa la aina hiihii, zilikuwa wazi kwa mtu yeyote kwenye intaneti, zikiwemo za kampuni kubwa na za idara za serikali nchini Marekani. Hakuna aliyevunja kufuli. Mpangilio wa ruhusa za majedwali ulipaswa kuwashwa na mwundaji, na waundaji wengi hawakuuwasha, hadi Microsoft yenyewe ikabadilisha utaratibu huo. Kama mashirika yenye idara nzima za teknolojia yaliteleza hapo, muulize kijana wenu nani ataweza kuona namba za NIDA na mishahara ya wanachama 240, na akuonyeshe mahali palipoandikwa hivyo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inakifanya chama chenu kuwa mkusanyaji wa taarifa hizo, na wajibu huo haumhamii fundi. Sheria hiyohiyo ina masharti kuhusu kusafirisha taarifa nje ya nchi, na seva za mengi ya majukwaa haya haziko Tanzania.

Kuna swali ambalo karibu hakuna mteja anayeniuliza: siku mkiondoka, mtaondoka na nini? Bubble, ambayo ni miongoni mwa majukwaa yanayojulikana sana, huruhusu mtu kuchukua data zake, lakini mantiki aliyoiunda haitoki humo kama msimbo unaoweza kuendeshwa kwingine. FlutterFlow, jukwaa jingine, huruhusu kuutoa msimbo kwa wanaolipia. Google ilikuwa na jukwaa liitwalo App Maker. Ilitangaza kulifunga Januari 2020, na tarehe 19 Januari 2021 likazimwa. Bei nazo hubadilika: mwaka 2023 Bubble ilianza kutoza kulingana na kiasi cha kazi ambacho seva zake zinaifanyia programu ya mteja, na bajeti zilizopangwa kwa utaratibu wa awali zikavurugika.

Hata hivyo, mlango unaofungwa mara nyingi zaidi, kwa yale niliyoyaona mwenyewe, ni wa karibu kuliko huo. Mwaka juzi niliitwa na kikundi kimoja ambacho mfumo wake ulikuwa ukifanya kazi vizuri, ila akaunti ilifunguliwa kwa barua pepe binafsi ya fundi, ikalipiwa kwa kadi yake, na fundi alikuwa amepata ajira mkoa mwingine na hapokei simu. Kadi ilipokwisha muda, mfumo ukasimama, na hapakuwa na nakala rudufu hata moja mikononi mwa kikundi. Tuliandika upya miezi kumi na minne ya marejesho kutoka kwenye stakabadhi za karatasi, mama mmoja akizisoma kwa sauti na mimi nikiingiza. Akaunti iwe kwa barua pepe ya chama, nenosiri litunzwe na watu wawili wa bodi, na kila mwisho wa mwezi data zishushwe na kuhifadhiwa mahali ambapo fundi hana ufunguo.

Na hao wa msimbo wa jadi wasijione wamepona. Nimekuta msimbo uliolipiwa fedha nyingi ukiwa kwenye kompyuta moja ya fundi, bila maelezo, bila nakala, bila haki iliyoandikwa ya mteja kuumiliki. Wengine huandika kwa miezi kile ambacho fomu ya KoboToolbox, chombo cha kukusanyia taarifa kwa fomu, ingekifanya kwa siku moja. Wala sisemi kwamba kusanidi bila msimbo ni kazi ya kitoto: fomu za taarifa za mwezi katika DHIS2, mfumo wa taarifa za afya uliokuzwa na Chuo Kikuu cha Oslo na unaotumiwa na Wizara ya Afya hapa nchini, husanidiwa bila kuandikiwa msimbo. Lakini nyuma yake wapo waandishi wa programu wa miaka mingi na wataalamu wa hapa nyumbani, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wanaojua kila safu ya jedwali imewekwa kwa sababu gani.

Kwa hiyo, kabla ya kikao kijacho cha bodi, chagua kutoka kwenye daftari mikopo mitatu iliyokusumbua kuliko yote: uliolipwa nusunusu, uliosamehewa faini, na ule ambao mdhamini alilipa sehemu yake. Ondoa majina. Mpe kijana, ipe kampuni, na mpe yeyote atakayekuja kuwasimikia Fineract, kila mmoja auingize kila mkopo tangu siku ya kwanza mpaka ya mwisho mbele yako, kisha ulinganishe salio la kila tarehe na lile uliloliandika kwa mkono. Pale yatakapotofautiana, angalia nani anakuuliza kanuni yenu inasemaje, na nani anarekebisha namba tu ili zifanane na zako.