Kabla ya kuulizia dawa ya kung'arisha, angalia unavyoosha gari

Juzi nimepata ujumbe wa msomaji mmoja. Gari lake ni jeusi, halina muda mrefu, lakini boneti ikipigwa na jua inaonyesha mistari myembamba ya mviringo, mamia kwa mamia. Anaomba nimtajie dawa ya kung'arisha. Nikamuuliza, unalioshaje? Akajibu kwamba kila asubuhi analipangusa vumbi kwa kitambaa kikavu, na mwisho wa wiki analiosha kwa sponji na sabuni ya vyombo. Ndugu yangu, hiyo mistari unaichora wewe mwenyewe, kila asubuhi.

Uchungu wake naujua. Gari langu nililinunua kwa kujinyima, na kilichonivuta zaidi ni rangi yake. Siku moja nililipeleka kuoshwa, nikakaa pembeni nikisubiri. Kijana akadondosha kitambaa chini, akakiokota, akakikung'uta mara moja, akaendelea kusugua mlango wa dereva. Nilipomwambia, akasema hakina kitu. Gari lilipokauka, mlango ule ulikuwa umejaa mikwaruzo, na mwenye kazi akanijibu kwamba rangi ya gari langu ni mbovu. Kauli ile mpaka leo haijanitoka.

Tangu hapo gari langu naliosha mwenyewe. Hivi karibuni fundi rangi mmoja alilizunguka, akainama kuutazama ubavu kwenye mwanga, akaniuliza nimelipiga rangi lini. Sijawahi. Ni rangi ile ile ya kiwandani. Nilifurahi sana, sifichi.

Sasa sikiliza. Mng'ao wa gari unakaa kwenye kliya, lile tabaka angavu lililo juu ya rangi yenyewe. Kwa magari mengi kliya ya kiwandani ina unene wa kama mikromita 35 hadi 50 tu, yaani ni nyembamba kuliko unywele mmoja wa kichwani. Ukikwaruza, unakwaruza hapo. Na polishi ya kuondoa mikwaruzo haiongezi kitu: inasaga kliya kidogo mpaka ilingane na kina cha mkwaruzo. Ukisaga leo, ukasaga tena kesho, utafika siku huna cha kusaga, na kliya ikishaisha dawa yake ni kupiga rangi upya. Ndiyo maana nasisitiza uoshaji kabla ya chupa yoyote ya dukani.

Adui ni mchanga. Mwagia gari maji mengi kwanza, kuanzia juu kushuka chini, na usiliguse mpaka vumbi lililolegea limeondoka. Gari liwe kivulini na boneti iwe imepoa. Bati likiwa la moto, sabuni hukaukia hapo hapo na kuacha madoa.

Kisha ndoo mbili. Watu huniona najisumbua, lakini hapa sibishani na mtu. Moja ina shampuu ya gari, nyingine maji matupu. Chovya glavu ya maikrofaiba, yaani kitambaa cha nyuzi nyembamba sana, kwenye shampuu, osha sehemu ndogo, halafu isuuze kwenye ndoo ya maji matupu kabla ya kurudi kwenye sabuni. Ukimaliza, acha ile ndoo ya kusuuzia itulie, kisha mwaga maji taratibu. Utaona mchanga mweusi umelala chini. Ungekuwa na ndoo moja, mchanga huo wote ungerudi kwenye milango yako. Sponji nayo iache, kwa sababu uso wake bapa unashikilia chembe na kuziburuta, wakati nyuzi za maikrofaiba zinazimeza. Anza na paa, malizia sehemu za chini. Rimu ziwe na kitambaa chake na ndoo yake, maana vumbi la breki lina chembe za chuma.

Sabuni ya vyombo imetengenezwa kukata mafuta, na nta uliyopaka itaondoka nayo. Kukausha hakuna maneno mengi: taulo kubwa safi la maikrofaiba, ulilaze na kulivuta taratibu bila kukandamiza. Likidondoka chini, usilirudishe kwenye gari mpaka lifuliwe. Na kwenye kufua usitie dawa ya kulainisha nguo.

Kinyesi cha ndege usikisubirishe mpaka siku ya kuosha. Kina asidi, na kwenye jua kinaweza kula kliya kwa saa chache tu. Wekea kitambaa kilicholowa dakika kadhaa, kikilainika kiinue, usisugue. Utomvu wa miti vivyo hivyo, usiuache ukauke.

Jamani, tuache uvivu. Mtu anahangaika miaka kupata gari, halafu analifuta vumbi kavu kwa sababu ana haraka! Kama huna muda wa kuosha, liache na vumbi lake. Vumbi lililotulia halikwaruzi, linakwaruza likiburutwa.

Ukishaosha vizuri ndipo upake nta. Ya karnauba, inayotokana na majani ya mti fulani wa Brazili wa jamii ya mnazi, inang'aa vizuri ila hudumu wiki kadhaa tu. Zile za kutengenezwa kiwandani hukaa miezi. Paka nyembamba, ukizidisha utateseka kuifuta. Kujua kama bado ipo, mwagia boneti maji: yakijikusanya kwa matone na kuteleza, bado ipo. Yakitandaa na kutulia, osha, kausha, paka tena.