Kuhusu Testarossa iliyolala bandani

Ndugu, umeuliza kama Ferrari Testarossa ya mwaka 1986, iliyotembea kilomita chache na kukaa bandani miaka mingi, inafaa kununuliwa kwa matumaini ya kuiuza baadaye kwa faida. Mimi ningesita. Kilomita chache hupendeza machoni, lakini gari lililolala hukauka mipira na sili, na mikanda ya taimingi, inayooanisha mwendo wa vali na pistoni, ya injini ile ya silinda 12 huzeeka hata kama haikuzunguka. Kuibadilisha hulazimu injini nzima ishushwe, kazi ambayo gharama yake inaweza kumeza sehemu kubwa ya faida unayoitarajia.

Jambo la pili ni uchache. Ferrari 250 GTO, gari la mbio la miaka ya 1960, zilitengenezwa 36 tu, na mwaka 2018 moja iliuzwa mnadani kule Monterey, California, kwa dola milioni 48.4. Testarossa za toleo la kwanza zilizidi 7,000, ilhali F512 M, toleo la mwisho la ukoo huo wa Testarossa, zilikuwa 501, na tofauti hiyo huonekana wazi kwenye bei.

Wala bei za Ferrari hazipandi siku zote: Enzo Ferrari, mwanzilishi wa kampuni hiyo, alipofariki mwaka 1988 zilipaa mno, kisha zikaporomoka mwanzoni mwa miaka ya 1990.

Ukishikilia kuinunua, dai kumbukumbu zote za matengenezo, uhakikishe kuwa namba za injini na chesisi ni za asili, na uitoe gharama ya kushusha injini katika bei anayoitaka muuzaji.