Uchukue nini kwa Kabala, na nini uachane nacho

Kila baada ya muda kuna mtu ananitumia linki ya kozi ya Kabala (yale mafundisho ya ndani ya dini ya Wayahudi kuhusu Mungu na dunia), mara "siri za Wayahudi za kuvuta pesa", mara "namba yako ya bahati", na chini kabisa kuna till namba ya kulipia, alafu ananiuliza, we si ulikaa Israeli, hii kitu ni ya ukweli? Nimelijibu hilo swali kwa voice note hadi nikachoka, wacha niandike mara moja.

Hiyo kozi achana nayo. Kabala yenyewe usiitupe, manake ndani yake kuna vitu vinaweza kukufaa hata kama we si Myahudi na huna mpango wa kuwa. Mimi nimezaliwa Msabato huko Kisii na hadi leo ni Msabato.

Nilienda kule kwa mafunzo ya kilimo, nikapangiwa shamba la ndizi Galilaya, karibu na ziwa (ndio, Mkisii anapandishwa ndege akafundishwe ndizi, nyumbani walicheka mpaka basi). Mzee mwenye shamba alikuwa mtu wa dini, kikofia kichwani hata akiwa juu ya trekta, na kwa vile mimi Ijumaa jua likikaribia kuzama nimeshaoga na kazi nimeweka chini bila kuambiwa na mtu, tulipatana haraka. Yeye ndo alinionyesha haya mambo, kidogo kidogo, bila kunihubiria. Wayahudi hawana desturi ya kusaka waumini, kwa hiyo ukiona mtu anakukimbiza akuuzie Kabala, jiulize yeye anatafuta nini.

Ule uzi mwekundu wa mkononi, uliovumishwa na masupastaa akina Madonna, Yerusalemu utauziwa na mji wa Safed, huko huko Galilaya, utauziwa. Wanasema unazuia kijicho. Sitaki kubishana na mtu, hirizi ziko kila mahali duniani, ila uzi haukuulizi chochote kuhusu tabia yako, na Kabala niliyoiona mimi ni maswali ya tabia kuanzia asubuhi hadi usiku.

Kidogo ya historia ili usidanganywe. Kitabu chao kikubwa, Zohar, kilianza kuonekana Hispania mwishoni mwa miaka ya 1200 kupitia kwa mtu anaitwa Moses de León. Yeye alisema ni maneno ya kale ya Rabi Shimon bar Yochai wa karne ya 2, wasomi wengi wa vyuo vikuu wanasema ni huyo Moses mwenyewe na wenzake walioandika, na wenye imani bado wanajaa kwenye kaburi la huyo rabi kule Meron kila mwaka. Mwaka 1492 Wayahudi wakafukuzwa Hispania, na katika karne iliyofuata kamji kadogo ka mlimani, Safed, kakajaa wasomi. Hapo alikuwepo Joseph Karo aliyeandika kitabu cha sheria ambacho Wayahudi wanakifuata hadi leo, alikuwepo Moses Cordovero, na mwaka 1570 akafika Isaac Luria kutoka Misri, akafundisha kama miaka miwili hivi, akafa 1572. Yeye mwenyewe hakuandika karibu chochote, mwanafunzi wake Hayim Vital ndo aliandika. Utaambiwa pia ati ni marufuku kusoma Kabala kabla hujafika miaka 40. Luria alikufa na miaka 38, fanya hesabu.

Sasa kitu cha kwanza cha kuchukua, na kwangu ndo kikubwa kuliko vyote.

Wanasema Mungu mwenyewe hajulikani wala hashikiki kwa akili, ila anajionyesha kwa njia kumi, wanaziita sefiroti. Usijisumbue kuzikariri zote. Anza na mbili: hesedi, ambayo ni kutoa, wema unaomwagika bila kupima, na gevura, ambayo ni mkono unaozuia, mpaka, hukumu. Hakuna kati ya hizo iliyo mbaya. Shida inaanza moja ikitembea bila mwenzake.

Kuna kipindi wanazifanyia mazoezi kabisa. Kuanzia usiku wa pili wa Pasaka hadi Pentekoste yao wanahesabu siku 49, iko kwenye Walawi 23, na watu wa Kabala wakachukua zile wiki saba wakazigawia sefiroti saba za chini, kila wiki na yake, na kila siku ndani ya wiki pia na yake. Siku ya kwanza ni hesedi ndani ya hesedi, ya pili gevura ndani ya hesedi, hivo hivo mpaka mwisho. Kwa yule mzee karatasi ilibandikwa kwa friji. Nyota zikitoka anasimama wima mbele ya friji, anasema baraka, alafu anataja: leo ni siku ya nane, yaani wiki moja na siku moja. Dakika moja hata haiishi. Na kama mkewe akimuuliza kabla hajahesabu, leo ni ya ngapi, anajibu "jana ilikuwa ya saba", manake akishataja ya leo kwa mdomo atakuwa ameshahesabu na baraka imempita. Mimi hapo nilikuwa nacheka kimoyomoyo.

Na kuna sheria nyingine hapo: ukisahau siku nzima, unaendelea kuhesabu ila bila baraka. Kijana wao alisahau katikati ya kipindi, na baada ya hapo kila jioni alikuwa anasimama na babake, anamsikiliza akibariki, anasema amina, alafu anataja namba yake kwa sauti ndogo. Hakuna aliyemgombeza na hakuna aliyemwambia basi acha. Sasa fikiria sisi na hizi app za kuhesabu siku za mazoezi au za kuacha sukari, ukiruka siku moja inakurudisha sifuri na wewe unaifuta kwa hasira. Ukianza hili zoezi fuata sheria ya huyo kijana, usianze upya, endelea tu bila sherehe.

Mimi sisemi ile baraka, hiyo ni amri yao. Nachukua kalenda ya mwaka huo, naanza siku moja na wao, na kila jioni najiuliza swali moja kwenye daftari. Siku ya gevura ndani ya hesedi swali ni hili: leo nimempa nani kitu ambacho hakiwezi kumfaa? Mkenya yeyote mwenye kazi anajua hapo panauma. Magrupu ya WhatsApp ya michango hayaishi, matanga, karo, ruracio (mahari), hospitali, na kila mtu anaandika "hata kidogo ulicho nacho". Ukiwa hesedi tupu utafilisika na bado utalaumiwa. Ukiwa gevura tupu utazikwa na watu wanne. Ninachofanya ni kwamba pesa ya kutoa naitenga mwezi ukianza, inakaa peke yake, na ikiisha nasema wazi mwezi huu nimefika mwisho, situngi hadithi ya mtoto mgonjwa. Ajabu ni kwamba watu wanaikubali hiyo kauli kuliko nilivyodhani.

Luria ana fundisho linaloingia hapo hapo. Anasema mwanzoni mwanga wa Mungu ulimiminwa kwenye vyombo, vyombo vikashindwa kuubeba, vikapasuka, na cheche zikatawanyika kila mahali, na kazi ya binadamu ni kuzikusanya na kutengeneza kilichovunjika, hiyo kazi wanaiita tikuni. Msomi Gershom Scholem aliona ni majeraha ya kufukuzwa Hispania yanaongea hapo, Moshe Idel hakubaliani naye, waachie wenyewe. Kinachonihusu mimi ni kwamba mwanga ulikuwa mzuri na bado ulivunja. Binamu yangu aliomba nimnunulie bodaboda mpya kabisa. Nikaanza na ada ya shule ya udereva na leseni, akaendesha pikipiki ya mtu mwingine kwa hesabu ya kila jioni, na alipozoea kuleta hesabu ikiwa kamili ndo nikaweka deposit ya yake. Alininunia, na shangazi naye akaninunia zaidi, sawa tu, pikipiki ipo na inalipwa.

Wiki ya pili inageuka, hesedi ndani ya gevura, unajikagua ukigomba. Hapo sina mengi. Kama una house help au unasimamia watu, hiyo siku peke yake itakutosha kwa mwaka.

Kitu cha pili ni tsimtsumu. Kwa Luria, kabla ya kuumba chochote Mungu alikuwa amejaa kila mahali, hakukuwa na nafasi ya kitu kingine, kwa hiyo tendo la kwanza halikuwa kutoa, lilikuwa kujivuta nyuma ili pawe na nafasi ya dunia. Mzazi ambaye anamfanyia mtoto homework anajua ninachosema, na bosi anayejibu kila email yeye mwenyewe pia. Kazi yangu siku hizi ni kutembelea wakulima, na kwa ndizi kuna kazi ya kupunguza machipukizi, unaacha mama, mtoto na mjukuu, mengine yanatoka. Mkulima akianza kukata, mkono wangu unawasha kabisa, nataka nimnyang'anye panga nimwonyeshe. Siku hizi nachuchumaa kando ya shina, panga iko kwake, namuuliza tu, hapa mjukuu ni yupi? Alafu nanyamaza. Kunyamaza ndo kugumu, anaweza kuzunguka lile shina dakika nzima akitafuta. Lakini mkulima aliyechagua mjukuu mwenyewe nikirudi nakuta shamba liko safi, na yule niliyemkatia nakuta msitu.

Kuna rabi mwingine wa baadaye, Nachman wa Breslov huko Ukraine, aliyekufa 1810, yeye aliwaambia watu wake wawe wanatoka peke yao, shambani au popote penye utulivu, waongee na Mungu kwa lugha ya nyumbani, sio ile ya vitabu vya sala. Kama stresi zinakukaba jaribu hiyo kabla hujalipia kozi ya mtu. Mimi naongea Ekegusii, lugha yetu ya Kisii, nikiwa peke yangu kwa gari na simu imezimwa, wenye magari mengine wakidhani naimba wadhani tu.

Sasa onyo, na hili sitapunguza makali. Mwaka 1665 alitokea mtu anaitwa Sabbatai Zevi, akatangazwa ndiye Masihi, na nabii wake Nathan wa Gaza alikuwa anatumia mafundisho hayo hayo ya Luria kueleza kila kituko alichofanya. Wayahudi toka Yemen hadi Amsterdam wakaamini, kuna waliouza mali wakisubiri safari ya Yerusalemu. Mwaka 1666 Waosmani, wale watawala wa Kituruki, wakampeleka mbele ya Sultani, akachagua kusilimu badala ya kufa. Baada ya hapo marabi wengi wakabana sana nani asome Kabala na nani asiisome, na siwalaumu. Sisi Wakenya tuliopitia Shakahola, kule wafuasi wa mhubiri walifunga mpaka kufa, hatuhitaji kuelezwa. Mwalimu akikwambia uza shamba, acha mke, funga mpaka uone, ama akisema yeye peke yake ndo ana ufunguo, toka hapo hapo, hata kama anazijua sefiroti zote kumi kwa Kiebrania.

Kwa anayetaka kuanza leo bila kununua kitu: Cordovero ana kitabu kifupi, Tomer Devorah, na sura yake ya kwanza imejengwa juu ya Mika 7, mstari wa 18 hadi 20, ambayo tayari unayo kwenye Biblia yako. Anaikata ile mistari vipande kumi na tatu, kila kipande tabia moja ya Mungu ambayo mtu anatakiwa kuiga. Cha kwanza anasema hivi, kwa ufupi: mtu akimkosea Mungu, ile nguvu anayoitumia kukosea, wakati ule ule, anapewa na Mungu, na Mungu haikati, na wewe fanya hivyo kwa watu. Soma polepole, chukua hicho kipande kimoja tu na mtu mmoja anayekukera, mpe wiki nzima. Usianze na mama mkwe. Mimi nilianza na jirani wa juu mwenye spika kubwa, huyo alinitosha.