Nyota ya alfajiri si nyota

Mwalimu mwenzangu wa Masindi, umeuliza uanzie wapi kufundisha msamiati wa anga kwa wanafunzi ambao Kiswahili wanakikuta darasani tu. Usianze na orodha ubaoni. Mimi nilianza hivyo, wakakariri majina ya sayari, Utaridi mpaka Zohali, kama kasuku, na hakuna aliyejua hata moja liko wapi.

Anza na kinachoonekana. Zuhura, ile iitwayo nyota ya alfajiri, ikiwa inaonekana, waambie waitazame kwao jioni au alfajiri. Kesho yake uliza: ile ni nyota? Watasema ndiyo. Hapo ndipo neno sayari linaingia na halitoki tena: nyota hutoa mwanga wake, sayari huakisi wa jua.

Kuzunguka na kujizungusha huwachanganya sana, kwa hiyo watoke uwanjani. Mmoja asimame awe jua, mwingine awe dunia: ajizungushe papo hapo, hiyo ni siku, amzunguke mwenzake, huo ni mwaka. Kisha chukua ule mpira wao wa maganda ya migomba, wa sentimita 24 hivi, uwe dunia, na tunda la pasheni la sentimita 6 liwe mwezi. Waulize waliweke umbali gani. Wote wataliweka karibu mno. Ni kama mita 7!

Kwa kupatwa kwa jua, wasimulie la Pakwach, hapa Uganda, tarehe 3 Novemba 2013. Kilimia, kile kikundi cha nyota, usikiache: jina lake linatokana na kulima, na watoto wa wakulima hulishika upesi.