Barua kwa mwanangu, kuhusu ule mstari wa Pope

Mwanangu Neema,

Hatujambo, mama yako anakusalimu. Umeniuliza Alexander Pope, yule mshairi Mwingereza, alikuwa anawaza nini alipoandika kwamba lolote lililopo ni sawa, na kama ndiko nilikookota yale niliyomwambia shangazi yako siku fremu yake ilipoungua: "Ilipangwa hiyo."

Ndiko. Lile shairi lake refu juu ya binadamu, la 1733 na 1734, nimelifundisha miaka mingi, na mstari huo nikawa natembea nao kama dawa ya kichwa.

Lakini mtazame Pope mwenyewe. Aliugua kifua kikuu cha mifupa tangu utotoni, mgongo ukapinda, kimo kikaishia kama sentimita 137. Asubuhi hasimami mpaka avishwe fulana ngumu ya turubai na kukazwa kamba. Miguu ilivyokuwa myembamba, alivaa soksi jozi tatu. Tena alikuwa Mkatoliki, kwa hiyo vyuo vikuu vya Uingereza vilimfungia mlango. Na mtu huyohuyo, mwaka 1735, aliyaita maisha yake ugonjwa mrefu! Mistari hiyo miwili sikuwahi kuiweka pamoja ubaoni. Nilifundisha ule unaotoka kwenye mtihani.

Tetemeko lilipoipiga Lisbon, mji mkuu wa Ureno, mwaka 1755, asubuhi ya Watakatifu Wote, watu wakiwa makanisani, Voltaire, mwandishi Mfaransa, aliandika shairi kuupinga usemi huo wa Pope. Pope alikuwa kaburini tangu 1744, hakuweza kujibu. Mimi naona Voltaire alikuwa na haki ya kukasirika, ila Pope angalau alijisemea akiwa ndani ya kamba zake. Mimi nilimsemea mwenzangu, nimesimama pembeni ya majivu, mikono mfukoni. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Dada yangu hakunijibu. Alikuwa anafuta masizi kwenye kalkuleta kwa pindo la kanga, anabonyeza namba moja moja aone kama inawaka. Katika shairi lilelile Pope anasema tusijitie kumchunguza Mungu, somo la mwanadamu ni mwanadamu. Hilo nalo nilikuwa nalifundisha.

Jumamosi nilikwenda kwake. Sikutaja kupangwa. Tulipitia daftari la madeni, limeungua pembeni na majina mengine yamebaki nusu. Nusu iliyobaki alinitajia yeye, na kiasi anachomdai kila mmoja.

Baba yako