Uliza Ujibiwe: Je, Ziwa Lina Pwani?

Barua za mwezi huu zimetoka Ujiji, Kibirizi, Tabora na Mwanga, na zote zinauliza juu ya mahali nchi kavu inapokutana na maji. Nimezifupisha salamu tu.

Shikamoo Mwalimu. Shuleni tumefundishwa kwamba Uarabuni ndiyo rasi kubwa kuliko zote duniani. Mjomba anabisha, anasema rasi ni ncha ya nchi iliyochomoza majini kama Ras Kutani, na nchi nzima haiwezi kuitwa rasi. Nani yuko sahihi? (Mwanafunzi wa kidato cha pili, Ujiji)

Marahaba, mwanangu. Wote wawili wako sahihi, na mkanganyiko umeletwa na neno lenyewe. Rasi tumelitoa katika Kiarabu, ambako maana yake ni kichwa, na mabaharia wetu wakaiita hivyo kila ncha ya nchi wanayoizunguka kwa chombo, iwe ndogo au kubwa. Vitabu vya jiografia vikalichukua neno hilohilo na kulipa kazi ya pili, yaani nchi iliyozungukwa na maji karibu pande zote na kubakiwa na upande mmoja tu wa kuiunganisha na bara. Waarabu wenyewe huiita nchi yao Jazirat al-Arab, Kisiwa cha Waarabu, ilhali wazee wetu wa pwani waliiita Bara Arabu. Mahali ni pamoja, lakini kwa mmoja ni kisiwa, kwa mwingine ni bara, na katika daftari lako ni rasi.

Kwa ukubwa, mwalimu wako hana mpinzani: Uarabuni ina takriban kilomita za mraba milioni 3.2, zaidi ya Tanzania tatu zikiunganishwa, na ndani yake mna Saudia, Yemen, Omani, Falme za Kiarabu, Kuwaiti na Katari, ambayo nayo ni rasi iliyoota juu ya rasi.

Lakini kuna jambo ambalo ningependa ulichukue zaidi ya hesabu hiyo. Uarabuni ilikuwa sehemu ya Afrika. Mamilioni ya miaka iliyopita gamba la dunia lilianza kupasuka, bahari ikaingia katika ufa, na huo ufa ndio tunaouita Bahari ya Shamu, ambayo hadi leo inaendelea kupanuka kwa kiasi cha sentimita moja hivi kwa mwaka. Mpasuko huo umeungana na Bonde la Ufa la Afrika Mashariki, ambalo mkono wake wa magharibi ndio uliochimba Ziwa Tanganyika hadi kina cha mita 1,470. Kwa hiyo ukisimama Ujiji ukatazama milima ya Kongo ng'ambo, unatazama ukingo wa pili wa ufa wa ukoo mmoja na ule ulioitenga Uarabuni na sisi.

Ndugu Mhariri, shemeji yangu wa Bagamoyo alikuja kutusalimu. Nikamwambia tushuke pwani tukanunue migebuka, akanicheka mbele ya watoto, eti ziwa halina pwani. Naomba unisaidie kumjibu. (Mvuvi, Kibirizi)

Pole ndugu yangu, kwa sababu katika hili lugha iko upande wa shemeji. Pwani imetokana na kupwa: ni mahali ambapo maji hupwa na kujaa. Kule kwao, wakati wa bamvua, maji hupishana zaidi ya mita 3 kati ya kujaa na kupwa. Asubuhi mashua inaelea, na baada ya saa sita hivi imelala ubavu juu ya mchanga, na watu wanatembea kwa miguu kutafuta pweza mahali walipokuwa wakipiga kasia. Mwezi na jua ndivyo vinavyoyavuta maji hayo. Ziwa letu nalo linavutwa, lakini ni dogo mno mbele ya bahari, hata kupwa kwake hakuonekani kwa macho. Linalolisukuma kwelikweli ni upepo wa kusi wakati wa kiangazi, unaoyapeleka maji ya juu kaskazini na kuyafanya yale ya chini, yenye baridi, yapande upande wa kusini.

Mpe shemeji na yeye la kufikiria. Katika Ghuba ya Fundy, nchini Kanada, tofauti ya maji kujaa na kupwa hufikia mita 16, urefu wa jengo la ghorofa nne au tano. Sababu ni umbo la ghuba: maji yake yana mwendo wao wa kwenda na kurudi, na mwendo huo unakaribia kulingana na ule wa kupwa na kujaa kwa bahari. Umewahi kubeba beseni la maji, hatua zako zikaoana na mchezo wa maji hadi yakamwagika? Ni hivyo hivyo.

Hata hivyo, usikubali akwambie kwamba ukingo wa ziwa umetulia. Maji ya kwetu nayo hupwa na kujaa, ila hayafuati saa, yanafuata miaka. Nenda Ujiji kwenye mnara wa kumbukumbu ya Livingstone na Stanley, waliokutana hapo mwaka 1871 karibu na ukingo wa ziwa. Leo ukiwa chini ya ile miembe huoni maji miguuni pako, ni lazima uteremke tena hadi kwenye mitumbwi. Mwaka 1874 Cameron, mpelelezi wa Kiingereza, alifika mto Lukuga, mlango pekee wa maji ya ziwa kutokea, akaukuta umezibwa na matope na majani. Miaka michache baadaye maji yakaupasua, na ziwa likashuka kwa takriban mita 10 katika muda usiofika miaka 20. Kuanzia mwaka 2020 limepanda tena na kuingia katika nyumba za watu ufukweni, jambo ambalo wewe wa Kibirizi huna haja ya kuhadithiwa.

Neno lenu, mwalo, yaani mahali mitumbwi inapoegeshwa, ni zuri na halina mgogoro. Shemeji akija tena, mwambie mshuke mwaloni.

Mhariri, mimi ni mtunza hesabu. Kitabu kimoja kinasema pwani ya Norwei ina urefu wa kilomita 2,500, kingine 29,000, cha tatu kinavuka 100,000. Hesabu za namna hii ofisini kwetu zingemfukuzisha mtu kazi. (Msomaji, Tabora)

Hakuna aliyeiba. Ya kwanza imeifuata nchi kwa mbali bila kuingia katika hori nyembamba na ndefu zinazopenya milimani; ya pili imeingia humo; ya tatu imeongeza visiwa.

Swali lako, hata hivyo, ni zito kuliko unavyodhani. Mtaalamu wa Uingereza, Lewis Fry Richardson, aligundua kwamba mpaka wa Hispania na Ureno ulitajwa kuwa kilomita 987 upande mmoja na 1,214 upande mwingine, ingawa mpaka ni huohuo. Anayepima kwa fimbo fupi huifuata kila kona, na kila kona inaongeza urefu. Mwaka 1967 Benoît Mandelbrot akaligeuza jambo hilo kuwa somo zima la hisabati, akitumia pwani ya Uingereza kama mfano. Ukiipima pwani hiyo kwa vipande vya kilomita 100 unapata 2,800 hivi, na kwa vipande vya kilomita 50 unapata 3,400.

Jaribu kwa ramani ya ukutani. Mimi nilitumia rula, kisha uzi wa kushonea wenye urefu uleule, niliolowanisha kidogo ili ushike karatasi, nikaufuatisha ukingo mmoja wa Norwei. Uzi uliisha kabla sijafika nusu ya njia niliyoimaliza kwa rula. Kwa hiyo ukiandika urefu wa pwani katika leja yako, andika pembeni na urefu wa fimbo.

Je, Rasi ya Tumaini Jema ndiyo mwisho wa Afrika kusini? (Msomaji, Tabora)

Sivyo. Mwisho ni Rasi ya Agulhas, iliyo mashariki yake, na hapo ndipo mpaka rasmi wa Bahari ya Hindi na Atlantiki unapohesabiwa.

Mhariri, ninavusha bidhaa kwenda Kongo. Abiria mmoja alisisitiza kwamba Ubwari ni kisiwa. Mimi naijua kuwa imeshikana na nchi. (Mama mfanyabiashara, Mwanga)

Unaijua vizuri, mama. Ubwari, upande wa Kongo wa ziwa letu, ni rasi, na abiria wako amerudia kosa la mtu maarufu. Burton na Speke, wapelelezi wa Kiingereza, walifika Ujiji Februari 1858, wakapanda mitumbwi kuelekea kaskazini, na Burton akaiandika Ubwari kuwa kisiwa. Ukiwa chomboni ni rahisi kudanganyika, maana unachokiona ni mlima mrefu uliosimama majini, na shingo inayouunganisha na bara imejificha nyuma yake. Wagiriki wana nchi iliyopatwa na kinyume cha hayo: jina la Peloponnesos lina maana ya Kisiwa cha Pelops, ingawa ilikuwa rasi hadi mwaka 1893, Mfereji wa Korintho wenye kilomita 6 na kitu ulipokata shingo yake. Hata hivyo wengi bado wanaihesabu kuwa rasi.

Na maji yaliyo kati ya Ubwari na bara, ambayo kwa hesabu ya Burton yalikuwa mlango wa kupitia, leo yanaitwa Ghuba ya Burton.