Mdhamini anataka namba za simu za washiriki

SWALI: Tunaandaa mkutano wa siku 2 wa programu huria (zile ambazo yeyote anaweza kuzitumia, kuzisoma na kuzibadilisha) hapa Kigoma, watu kama 120. Kampuni moja imekubali kulipia ukumbi, chakula na fulana, ila inataka majina na namba za simu za washiriki wote, pamoja na saa nzima ya kuzungumza asubuhi. Jamaa mmoja anasema hiyo ni kawaida, na kwa asilimia 20 atatutafutia wadhamini wengine Dar es Salaam. Tukubali? – Mwandaaji, Mwanga

JIBU: Fulana pokeeni. Namba za simu msitoe. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, inayotumika tangu Mei 2023, inataka taarifa za mtu zitumike kwa lile alilozitolea. Mshiriki kajiandikisha apate kiti na sahani ya ugali kwa mgebuka, si apigiwe simu za matangazo hadi Krismasi. Mpeni mdhamini meza na daftari mlangoni. Anayempenda atajiandika mwenyewe.

Kinachonichosha, na barua kama yako napata kila msimu, ni imani kwamba mlipaji ndiye mwenye mkutano na ukimnyima orodha atakimbia. Nani kasema? FOSDEM, mkutano wa programu huria, hufanyika Brussels kila mwaka, maelfu wanaingia bure bila kujiandikisha. Orodha ya kumpa mtu haipo kabisa! Na kampuni kubwa zinadhamini vilevile, kwa kuwa ukumbini wamo watu wanaoandika programu ambazo kampuni hizo zinazitegemea. DebConf, mkutano wa Debian (mradi wa mfumo huria wa kuendeshea kompyuta), una ngazi za udhamini: platinamu, dhahabu, fedha, shaba. Kinachonunuliwa hapo ni kuonekana kwa nembo.

Ile saa ya asubuhi ihamisheni. PyCon ya Marekani, mkutano wa watumiaji wa lugha ya programu ya Python, nayo ina mada za wadhamini, ila zimetengwa na zinatajwa hivyo. Mada nyingine huchaguliwa na kamati. Nusu saa baada ya chakula cha mchana inatosha, na ratiba iandike “mada ya mdhamini”.

Sasa huyo wa asilimia 20. Madalali wa udhamini wamezagaa, na wote wana wimbo mmoja: “nina mtu wangu ndani.” Anayeahidi mdhamini kabla hajauliza nani atakuja na atajifunza nini, anauza kitu ambacho hana. Kisha huomba pesa ipitie kwenye laini yake “kwa urahisi”. Debian, pamoja na ukubwa wake, haiweki fedha mfukoni mwa mtu. Kuna shirika la Software in the Public Interest, lililosajiliwa Marekani 1997, linalozishika kwa niaba yake. Nanyi fungueni akaunti ya kikundi, watia saini watatu, barua ya maombi mwandike wenyewe. Niliwahi kuletewa andiko la dalali kwa ajili ya mkutano wa Tabora: ukurasa wa 3 ulikuwa unawakaribisha wageni kwenye upepo mwanana wa bahari.